Wajina wa Waiyego

Virginia Waiyego hakuwa mtu wa kuomba vitu. Majirani zake wa Ainabkoi walimjua hivyo, na wengine walimwita mwenye kiburi akiwa hayupo, jambo ambalo alilijua na halikumkosesha usingizi. Mvua ikikawia, hakulalamika. Bei ya viazi ikianguka, alisema viazi huliwa pia. Mwaka ule wa mapigano, nyumba yake ilipochomwa na wakalala hemani pamoja na wengine, hakuomba hata blanketi la pili. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolitaka kwa moyo wake wote, na alilitaka kimyakimya, kwa kuwa aliamini ni haki yake na haki haiombwi. Alitaka mjukuu wa jina lake.

Yeyote aliyelelewa na Wakikuyu ataelewa. Kwao mtoto hatafutiwi jina. Jina lipo tayari linamngoja. Mvulana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, msichana wa kwanza huitwa kwa bibi mzaa baba, kisha zamu inakwenda kwa wakwe, kisha kwa shangazi na wajomba. Na siku mtoto anapopewa jina lako, watu hawasemi kwamba umepata mjukuu. Wanasema umezaliwa. Utamsikia mzee asiye na jino hata moja akitangaza kanisani kwamba alizaliwa juzi na anaendelea kunyonya vizuri, na waumini wanampigia makofi bila kucheka.

Waiyego alikuwa ameuona utamu wa desturi hiyo nyumbani kwake. Mwanawe wa pekee aliitwa Mungai, jina la baba mkwe wake, yaani babake mumewe Githinji. Basi Githinji, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kukimbiza ng'ombe, alimwita mtoto wake Baba. Asubuhi za baridi ungemsikia akibembeleza: Baba, vaa soksi, Baba, maliza uji. Mtoto akifanya utundu, fimbo iliinuka ikabaki huko juu, maana ni nani atakayemchapa baba yake mzazi? Kazi ya kuchapa ikaachiwa Waiyego, naye aliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Msimu wa kuvuna viazi, wote watatu waliingia shambani umande haujakauka. Githinji alitangulia na jembe la meno, akifukua taratibu asije akavichoma viazi. Waiyego alifuata akiokota, vikubwa gunia hili, vya mbegu gunia lile. Mungai alikuja nyuma yao akisaka vilivyosahaulika, vidogo kama gololi, na hivyo vilikuwa mali yake. Ikifika saa ya chai walikusanya mabua makavu wakayawasha, wakavifukia vile vidogo kwenye jivu la moto, wakavila na chumvi bila kumenya. Githinji alikuwa na tabia ya kumwachia mwanawe kiazi cha mwisho kisha kumnyang'anya akiwa amekitia mdomoni nusu, wakabiringishana kwenye mitaro mpaka Waiyego awafokee wote wawili kwa kumharibia mistari. Mpaka leo ukimwuliza Waiyego raha ni nini, hatakutajia harusi yake. Atakutajia moshi wa mabua ya viazi.

Mwiba ulikuwa mmoja. Wahu, mama yake Githinji, alikufa bila wajina. Waiyego hakujaliwa binti, wala mtoto mwingine yeyote baada ya Mungai, na jina la mama mkwe wake likakosa pa kwenda. Bibi kizee hakumlaumu hata siku moja, na kule kutolaumiwa kulimuuma Waiyego kuliko matusi. Siku ya mazishi alitazama udongo ukirudishwa akajua kwamba kuna jina linafukiwa pamoja na mtu. Lake, alijiambia, halitakuwa hivyo.

Githinji naye akaondoka, kifua kikiwa kimemsumbua tangu kule hemani. Alizikwa chini ya shamba, karibu na ua wa misipresi alioupanda waliporudi. Mungai alikuwa kijana wakati huo, fundi wa trekta na kombaini mjini Eldoret, mtu mpole wa kupendwa na kila mtu, ila alikuwa na kasoro moja: mbele ya ugomvi alikuwa anageuka bubu. Angeweza kufungua injini nzima na kuirudisha, lakini kumwambia mtu neno lisilompendeza kulimshinda. Alipomuoa Akello, mwalimu wa hesabu kutoka upande wa ziwa, walipanga nyumba mjini humo, mtaa wa West Indies, na Waiyego akabaki Ainabkoi na ng'ombe wake wawili.

Na isidhaniwe kwamba Waiyego alikuwa na neno na kabila la mtu. Kipkorir, jirani yake Mkalenjin wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyewachunga ng'ombe wake mwaka ule wa moto akamrudishia wote na ndama juu. Baada ya hapo, kwa Waiyego, watu walikuwa wa aina mbili tu, wenye utu na wasio na utu. Akello alimpenda tangu siku ya kwanza, ingawa binti wa watu alimenya viazi kwa maganda manene hata ng'ombe wakafurahia. Safari iliyofuata Akello alimletea samaki mkavu. Kwa Waiyego samaki alikuwa nyoka mwenye bahati ya kuishi majini, lakini alikula akiwa amefumba macho, akasema ni mtamu, na uongo huo ulimpa mkwe wake furaha ya mwaka mzima.

Akello aliposhika mimba, Mungai alimpigia mama yake simu akamwambia, akicheka, kwamba mwaka huu atazaliwa. Waiyego alijibu kwamba atangoja aone. Kisha akakata simu, akaingia zizini, akacheza peke yake mbele ya ng'ombe.

Mtoto alikuwa wa kike. Habari zilipofika, akina mama wa kanisani hawakungoja kualikwa. Walipika njahi, yale maharagwe meusi ya kumrudishia mzazi damu, wakatia ndizi mbivu na uji wa kuchachua vionduni, vikapu vyao vya kusuka, wakakodi gari mpaka mjini. Ciku, rafiki wa Waiyego tangu ujana, mwanamke ambaye siri ikimfikia huwa tangazo, alianza vigelegele tangu kwenye geti, majirani wa West Indies wakatoka kutazama. Waiyego alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Njia nzima walikuwa wakimtania kwamba leo anakwenda kujiona mwenyewe, awaambie kama bado anafanana na wakati ule.

Ndani walimkuta Mama Oluoch, mamake Akello, amekuja kumwangalia bintiye. Salamu zikapita vizuri. Ndipo Ciku akauliza kwa sauti kubwa Waiyego yuko wapi wamshike. Akello alimtazama mumewe, na Mungai akawa anatazama viatu vyake.

Mama Oluoch ndiye aliyesema, kwa upole, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno. Mtoto alikuwa amelia tangu azaliwe, akakataa ziwa, mpaka Akello akaota nyanya yake aliyemlea amekaa kitandani pake. Kulipokucha walimwita mtoto kwa jina la marehemu huyo, Abonyo, naye akanyamaza akanyonya. Basi ndiyo hivyo: Marion Abonyo. Kwao Wajaluo, jina la ukoo humfuata mtoto baada ya mwenye jina kuondoka duniani. Kumwita mtoto kwa mtu aliye hai, tena mwenye afya, ni kumharakisha mtu huyo.

"Mama Mungai, wewe bado uko," alisema. "Jina ya mtu ni kama nguo amevaa. Ukimvulia mwingine, mmoja wenu atabaki uchi. Sisi tunataka uishi."

Lilikuwa neno la upendo, na kama wangekuwa wawili jikoni pengine lingesikika hivyo. Lakini Waiyego alilisikia mbele ya akina mama wote aliokuja nao, na gauni la Pasaka mwilini. Alichosikia ni kwamba hakuzaliwa. Akello alinyanyuka na mtoto, akamnyooshea kwa mikono miwili ampokee, uso wake ukimwomba. Waiyego alisema mikono yake ina baridi. Akaweka sufuria ya njahi mezani, akasema Mungu awabariki, akatoka nje kungojea wenzake. Mikono ya Akello ilibaki imenyooshwa kwa muda, kisha akamrudisha mtoto kifuani.

Njia ya kurudi Ciku hakusema neno, na Ciku akinyamaza ujue kuna msiba.

Mungai alikuja baada ya wiki kuomba msamaha. Alisema alijua, alitaka kumwambia, akakosa pa kuanzia. Waiyego alimpikia, akamwambia hana kinyongo. Hakuna uongo mkubwa kuliko huo aliowahi kusema maishani, na ule wa samaki ukiwemo.

Hasira hasara, wanasema, ila hasara yenyewe haiji siku hiyohiyo. Inakuja polepole kama kutu. Waiyego hakumtesa mtoto. Likizo zikifika na familia ikaja Ainabkoi, alimlisha, alimfumia sweta, alimnunulia gambuti nyekundu za kukanyagia matope. Lakini hakumbeba. Alipokuwa mchanga, alikuwa na kisingizio kila mara: mikono ina udongo, mgongo unauma, maziwa yatachelewa. Na jina lake hakulitamka. Alimwita wewe mtoto, au kasichana, au akamwambia Mungai mwite huyo wako aje ale.

Msichana mwenyewe hakuelewa kwamba anachukiwa, na kusema kweli hakuchukiwa. Alimfuata bibi yake, aliyemwita Shosho, kila mahali. Alisimama nyuma ya bibi anapokamua, akahesabu kwa sauti milio ya maziwa ndooni, maana alikuwa bintiye mwalimu wa hesabu. Wakati wa kuvuna viazi alikuja nyuma ya mitaro akisaka vile vidogo, bila mtu kumfundisha, akavitia kwenye gambuti akatembea peku. Siku hiyo Waiyego ilibidi ageuke atazame misipresi. Alitaka kumnyanyua. Alitaka kumwita kwa jina lake. Lakini kiburi ni mgeni mbaya: siku ya kwanza unamkaribisha kwa hiari, siku ya saba ndiye anayekupangia pa kulala. Akamwambia kasichana avae viatu.

Kulikuwa na mengi ya namna hiyo, mtu akitaka kuyakumbuka. Akello akijifunza kuponda irio, mchanganyiko wa viazi na mahindi, na kuchoka kabla mahindi hayajalainika. Mungai chini ya trekta la Kipkorir, miguu tu ikionekana, na binti yake amekaa juu ya miguu hiyo akifunga kamba za viatu pamoja. Familia nzima jikoni wakati wa baridi ya Julai, wameuzunguka moto, wanagombania mahindi ya kuchoma yenye punje laini. Ungepita barabarani ukasikia vicheko vyao, ungesema hapa hapana shida. Na shida ilikuwa pale pale, imekaa na wao, inakula mahindi.

Abonyo alikuwa ameanza kusoma vitabu mwenyewe wakati Akello aliposhika mimba ya pili. Safari hii Mungai hakupiga simu kuahidi chochote. Waiyego naye hakuuliza. Alikuwa amejifunza kutotaka, au ndivyo alivyojiambia.

Simu iliyokuja ilikuwa ya Akello mwenyewe, sauti imechoka kwa uzazi. Ilimkuta Waiyego anamimina maziwa kwenye mkebe wa kupeleka barabarani.

"Mama," Akello alisema, "umezaliwa."

Waiyego alikaa chini hapohapo, juu ya majani ya ng'ombe. Maziwa yalimwagika na hakuyajali. Alilia kwa sauti, yeye ambaye hakulia nyumba ilipoungua, mpaka Kipkorir akavuka barabara kuja kuuliza ni nani amekufa. Alimwambia hakuna aliyekufa, na alipoweza kusema vizuri akamweleza kwamba amezaliwa, na Kipkorir, aliyeishi na Wakikuyu miaka ya kutosha kuelewa, alimpa mkono akamuuliza atanyonya nini.

Akina mama walikwenda tena mjini na vionduni vyao, na vigelegele vya Ciku safari hii vilisikika mpaka kwa wenye maduka. Waiyego alimpokea mtoto kabla hata hajaketi. Alimtazama uso wote, akamwambia, "Wajina, nilikuwa nakungoja." Kwa muda mrefu hakumwachia mtu mwingine. Abonyo alisimama karibu na kiti, ameshika ukingo wa blanketi, anatazama jinsi mtu anavyobebwa.

Lakini huyo mtoto alizaliwa na tundu moyoni. Walijua kabla mwezi haujaisha, midomo yake ilipoanza kugeuka buluu akinyonya. Madaktari walisema atafanyiwa upasuaji akipata kilo, na kwa sasa asiachwe alie sana, maana kilio kinauchosha moyo. Hayo ndiyo maagizo aliyopewa bibi aliyengoja maisha yake yote: usimwache mtoto alie. Likizo ya Desemba Akello alikuja Ainabkoi na watoto wote wawili, na Waiyego akamfunga wajina wake mgongoni kwa leso tangu asubuhi mpaka jioni. Alikamua naye. Alipalilia kabeji naye. Alimsimulia habari za Githinji, za Wahu aliyekosa wajina, za viazi vya jivuni, akimwita wajina kila sentensi. Ciku alisema hajawahi kuona mtu akijipenda hadharani namna hiyo.

Nyuma yao, kila siku, alikuwa Abonyo na gambuti zake, sasa zinambana vidole. Aliokota leso ilipolegea. Alikimbia kuleta chupa. Kama mtoto akikohoa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Shosho, anaamka. Waiyego alimwambia asante, kasichana. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Waiyego alikuwa akiisikia methali hiyo tangu shuleni, na hakuona wala hakudhani kwamba inamhusu.

Machi, kabla ya mvua ya kupandia, mtoto alipata homa. Alilazwa mjini, na Waiyego akapanda gari akamkuta bado anapumua, kifua kikipanda na kushuka haraka kama cha ndege. Alimshika kidole. Mungai alikuwa upande wa pili, na wakati huo alikuwa anasema, yeye asiyejua kusema, alikuwa anamwambia mtoto kwa sauti ndogo, "Mama, usiende. Mama, ngoja kidogo." Alikuwa na mama wawili pale, mmoja kitandani na mmoja kando, na alikuwa anamsihi yule wa kitandani. Jua lilipopanda, mtoto aliacha kupumua. Waiyego aliendelea kushika kidole kile kwa muda, kisha akasaidiwa kukiachilia.

Walimzika Ainabkoi, kando ya Githinji. Kipkorir na vijana wake walichimba. Shimo lilikuwa dogo hata jembe halikuwa na nafasi ya kugeuka. Asubuhi ya mazishi Waiyego alitoka nje kuchukua maji, akakuta fundi ameacha msalaba umeegemezwa ukutani, rangi haijakauka vizuri. Aliusoma. Waiyego Mungai. Alisoma tena, kama mtu anayetafuta kosa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amelitaka jina lake liandikwe kwa mtu mwingine, liitwe wakati yeye hayupo, na sasa lilikuwa limeandikwa, kwa rangi nyeupe, zuri, halina kosa. Ciku alimkuta amekaa chini, ameegemea ukuta kando ya msalaba, mabega yake sawa na mikono ya ubao.

Alichoogopa zaidi ni kufika kwa Mama Oluoch. Alijua neno moja linaloweza kusemwa, lile la mmoja kubaki uchi, na mwenye kulisema alikuwa na haki nalo. Mama Oluoch alifika amechoka kwa safari, akamkumbatia, wakalia pamoja kwa muda mrefu, mmoja kwa Kikuyu na mwingine kwa Kijaluo. Hakulisema. Mchana kutwa Waiyego alingoja lisemwe, na halikusemwa, na kwa mara ya pili maishani akajua uzito wa kutolaumiwa.

Wageni walipopungua aliingia chumbani alimolala Akello. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake, mwili haujaambiwa kwamba hakuna wa kunyonya. Waiyego aliketi kitandani, akajaribu kuomba msamaha kwa ajili ya jina lile, akaanza vibaya, akaanza tena. Akello alimshika mkono.

"Mama, mimi sikulazimishwa," alisema. "Mamangu alinikataza, na nilikuwa naogopa pia. Lakini nikaona wacha tu. Nilitaka watoto wangu wakuwe na shosho."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka anavyosema ukweli, kisha akageukia ukuta. Waiyego alibaki na lile neno mkononi. Watoto wangu. Watoto walikuwa wawili, na yeye muda wote alikuwa bibi wa mmoja. Aliona haya, si ya kuonwa na watu, maana hakuna aliyekuwa akimtazama. Aliinuka akatoka kwa mlango wa nyuma, akashuka kwenye mitaro iliyolimwa tayari kwa mbegu, akitaka mahali pa kulilia peke yake.

Hakuwa peke yake. Abonyo alikuwa ameketi kwenye mtaro, na gauni lake jeupe la mazishi, anavunja madongoa kwa vidole. Hakuna mtu aliyekuwa amemkumbuka tangu asubuhi. Alimtazama shosho yake akija, akasogea kidogo kumpa nafasi, kana kwamba udongo wote ule ulikuwa benchi la kanisani. Waiyego alikaa. Mbali kidogo, chini ya misipresi, tuta jipya la kaburi lilionekana.

"Shosho," Abonyo alisema, "sasa hiyo jina hakuna mtu anaitumia?"

Waiyego alidhani hakusikia vizuri.

"Hiyo ya baby. Naweza kuitwa hiyo? Nitawaambia pia shule." Alikuwa amelifikiria jambo hilo, ilionekana, kwa makini, kama hesabu. "Niitwe Waiyego, ndio na mimi unibebe."

Waiyego alihisi kitu kikikatika ndani yake, mahali ambapo hata kifo cha mtoto yule hakikuwa kimefika. Alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia mtoto kwamba hahitaji jina la mtu, kwamba lake ni zuri, kwamba alikuja nalo mwenyewe na shosho mpumbavu ndiye aliyeshindwa kulipokea. Kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Wewe ni Abonyo," alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka. Alilitamka kwa upendo wote aliokuwa ameuzuia, na mtoto, ambaye hakuwa amewahi kusikia upendo huo, alisikia amekataliwa. Abonyo aliinamisha kichwa, akasema sawa, akarudi kuvunja madongoa yake.

"Abonyo," Waiyego aliita tena, na mara ya tatu, na ya nne, akilia waziwazi sasa. Alijikokota akapiga magoti mbele yake kwenye udongo, akampa mgongo, akanyoosha mikono nyuma jinsi wanawake wanavyofanya wanapotaka mtoto apande. Hakuwa na leso. Abonyo alisita. Kisha alikuja polepole, akalaza kifua chake kwenye mgongo wa bibi yake, akamshika shingoni, na Waiyego akaipata miguu yake, mirefu, migumu magotini, miguu ya mtoto anayekimbia shule.

Alijaribu kuinuka. Magoti yalikataa. Alijivuta mbele, akakita mkono mmoja ardhini, akajaribu tena, na mzigo ukamrudisha chini. Alikuwa amebeba magunia ya viazi kwenye shamba hili miaka nenda miaka rudi. Alikuwa na nguvu za kumbeba huyu mtoto alipokuwa mchanga, na alipoanza kusimama, na msimu ule wa viazi kwenye gambuti, na nguvu hizo alizitumia kwa mambo mengine. Alijaribu mara nyingine, akilia kwa nguvu na kwa aibu.

"Si kitu, Shosho," Abonyo alimwambia sikioni. "Mimi ni mzito."

Akateremka mwenyewe, akajipangusa gauni. Kisha akazunguka mbele, akashika mikono miwili ya bibi yake, akamvuta mpaka bibi akasimama.